Kupalia, kukanda, kulikiza

Kitenzi kupalia kina kazi tatu katika Kiswahili, na Desemba hapa Mkwajuni zote tatu humdai mtu mmoja. Kazi ya kwanza iko shambani. Mvua za ukanda huu huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo Krismasi hutukuta mahindi yamechipua na magugu yakishindana nayo, na palizi haisubiri kwaya imalize kuimba. Huku bara wengi husema kupalilia, lakini mama ni yuleyule na jembe ni lilelile. Kazi ya pili iko jikoni: wali ukishakauka maji, makaa hutolewa chini yakapangwa juu ya mfuniko, wali ukaiva kwa moto wa pande mbili. Huko ndiko kupalia wali. Ya tatu humpata mtoto. Uji ukipita njia ya hewa, mtoto amepaliwa, na aliye karibu huacha kila alichoshika.

Watunga kamusi hutuambia haya ni maneno mbalimbali yaliyofanana sura tu. Sibishi. Ila nimekuwa nikiyaangalia maneno ya kazi hii, kazi ya kupika na kupokea wageni wa sikukuu huku ofisi inakudai na mtoto mchanga anakudai, na nimeona jambo moja ambalo sijalisikia likisemwa na watu wa istilahi: kazi hii Kiswahili kimeiweka kwenye vitenzi. Ukiitafuta kwenye nomino utaipata kwa shida, na mara nyingi utaipata imevaa jina la mtu mwingine. Tatizo ni kwamba orodha za istilahi tunazochapisha zimejaa nomino. Kitenzi hukumbukwa mwishoni, kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Nianze na sufuria. Kuiweka sufuria motoni ni kuinjika, au kubandika, au kuteleka ukiwa Unguja. Kuitoa ni kuepua, au kuipua, au kutegua. Ugali husongwa, hauchemshwi wala haukorogwi. Uji ndio hukorogwa, na binti anayechanganya vitenzi hivyo viwili mbele ya mama mkwe atasikia kicheko kabla hajasikia sababu yake. Mboga za majani huungwa kwa karanga au nazi au kitunguu na mafuta, na isiyoungwa huitwa chukuchuku, neno ambalo lenyewe linasikika kama halina chumvi. Nyama hubanikwa pembeni ya moto au hukaangwa ndani ya mafuta. Chakula kikiiva hupakuliwa. Kila kitenzi hapo kina kipimo chake cha moto, cha maji na cha muda, ndani yake, bila kijiko cha kupimia wala saa ya ukutani. Anayesema "nimepalia" amekwambia wali umefika wapi, umebakiza dakika ngapi, na kwamba asisumbuliwe.

Sasa kitenzi hiki kina adui mpole. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni jambo jema, na anayepika kwa kuni na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa moshi ni nini. Lakini jiko la gesi halina makaa. Wapo wanaofunika sufuria kwa karatasi ya foili na kuubana mfuniko, wapo wanaopunguza moto hadi ubaki kama shanga, na bado wanasema wanapalia. Hapo lugha imefanya ujanja wake wa zamani, kitendo kimebadilika na neno likabaki. Natabiri watoto wetu watasema kupalia wali wakimaanisha kupunguza moto, na siku wakiona makaa juu ya mfuniko kwa bibi watauliza bibi anafanya nini.

Istilahi yenyewe, nishati safi ya kupikia, naipenda kwa sababu moja. Imekubali kubeba kitenzi. Tazama mnyambuliko wake: kupikia. Kauli hii ya kutendea ina milango miwili. Kwa mlango mmoja inaingiza kifaa, gesi ya kupikia, sufuria ya kupikia. Kwa mlango mwingine inaingiza mtu: nimempikia wifi, nimewapikia wageni, umpakulie na baba yako. Sijui kama kuna kazi nyingine inayoitegemea kauli hii kuliko ya jikoni. Nipikie, nitilie, niongezee, nimenyie ndizi, nishikie mtoto. Mlaji yumo ndani ya kitenzi tayari, kabla hajafika mezani.

Kutoka "nitilie" ndiko alikozaliwa mama ntilie. Mteja alisema "mama, nitilie", mama akatia, na amri ya mteja ikawa jina la mama. Baadaye jina hilo likaonekana halina heshima, likaja mama lishe, na wanaume walipoingia kwenye biashara wakaitwa baba lishe. Mkwajuni, mji wa watumishi, wakulima na wachimbaji wadogo wa dhahabu, hula kwa watu hawa. Kwenye makarasha mawe yanasagwa tangu alfajiri na mtu wa karasha hapiki. Nimeona kwamba mama lishe, kwa kuwa ana nomino, anaweza kuandikwa kwenye orodha ya kikundi, akaombewa mkopo, akapangiwa eneo, akatozwa ushuru. Mwenzake anayepika chakula kilekile nyumbani, kwa idadi ileile ya watu siku ya sikukuu, anaitwa mama wa nyumbani. Jina hilo linataja mahali alipo. Alichofanya halikitaji. Na ukimuuliza anafanya kazi gani, atakujibu, akiwa ameshika mwiko: "Sina kazi, nipo tu."

Nimelifikiria sana hilo "nipo tu". Linasemwa bila uchungu wowote, ndiyo maana linatisha.

Kitenzi cha pili ninachokipenda ni kukanda. Unga wa chapati hukandwa, na huku bara Krismasi bila chapati ni Jumapili ya kawaida. Mzazi naye hukandwa. Mzazi, kwa maana ile ya zamani ambayo kwenye fomu za shule haimo: mwanamke aliyejifungua hivi karibuni. Huletewa maji ya moto na kitambaa, mama yake au mama mkwe akamkanda tumbo na kiuno, akamtengenezea uji, na kwa siku 40 hatarajiwi kuinjika chochote. Wahudumu wa afya wanaonya, kwa haki kabisa, kuhusu maji yanayounguza. Lakini angalia mpango uliomo: kwa siku hizo mzazi ndiye mgeni ndani ya nyumba yake. Wanaokuja "kumwona mzazi" huja na sabuni, sukari, kanga, na wengine huosha vyombo kabla ya kuondoka. Ni ukarimu uliogeuzwa, mgeni anamhudumia mwenyeji, na una kanuni zake na muda wake.

Arobaini ikiisha mambo hugeuka ghafla. Mkono uliokuwa unakandwa unarudi kukanda. Mtoto akiwa amezaliwa Septemba, Krismasi inamkuta mama yake kwenye kipindi ambacho desturi haikukitungia jina: ameshatoka kwenye uzazi, hajarudi kazini au amerudi juzi, na wageni wa mwisho wa mwaka hawajui kuhesabu miezi ya mtu.

Sheria imejaribu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Maneno mazuri. Lakini lisikilize hilo neno likizo. Ni ndugu wa kulikiza, na kulikiza kuna maana ya kumpa mtu ruhusa aache kazi, na maana ya kumwachisha mtoto ziwa. Shina moja limezaa mambo mawili ambayo kwa mama wa ofisini yanavutana: likizo ikiisha, mtoto analikizwa kabla ya wakati. Siku 84 ni wiki 12. Ushauri wa afya ni maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kinachobaki katikati kinazibwa na zile saa 2, na kwa mtumishi anayeishi karibu na ofisi, kama wengi wa hapa makao makuu ya wilaya, saa hizo zina maana. Kwa mwalimu aliyepangiwa kijiji cha mbali na mtoto amebaki mjini, ni maandishi.

Na tusidanganyane kuhusu uzazi kuitwa likizo. Likizo watu huenda kupumzika. Kama ningeulizwa, ningesema siku za uzazi, basi. Aliye nyumbani na mtoto wa wiki 3 akiulizwa "likizo inaendaje?" hana jibu la adabu. Wengi wa wanawake wa wilaya hii, wa ufuta, wa mpunga, wa makarasha, wa genge la nyanya, hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo. Wao wana mbeleko.

Mbeleko na mama yake kubeleka, au kueleka, ni maneno yaliyopata bahati mbaya ya kupendwa na watangazaji wa mpira. Siku hizi ukisema "mbeleko" vijana wanafikiri umemzungumzia mwamuzi aliyeibeba timu. Hata jina la mji wetu limehamia huko. Mkwaju ni mti unaotupa ukwaju wa juisi ya sikukuu. Ni bakora pia. Na sasa ni mpira uliopigwa kutoka kwenye nukta ya penalti. Kiporo nacho, chakula kilicholala, kimekuwa mechi iliyoahirishwa, na kwenye ripoti za halmashauri ni mradi ulioanza ukaishia kwenye lenta. Kupakua ni chakula, ni mzigo, na kwa vijana ni kushusha wimbo kwenye simu. Takwimu hupikwa. Hoja huiva. Yaani jikoni ndiko wanakokopa watu wa ofisini na wa uwanjani, na hakuna anayerudisha.

Turudi kwa wageni, maana Krismasi ni yao. Mwenyeji ni mwenye mji. Mgeni ni asiyezoeleka. Methali inasema mgeni njoo mwenyeji apone, na wote tunajua kinachomponya mwenyeji ni jogoo aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni. Lakini ukilitazama neno mwenyeji ndani ya nyumba ya Mkwajuni tarehe 25 Desemba, utaliona limekaa sebuleni. Mwenyeji anasalimiana, anauliza habari za barabara, anafungua soda. Yule anayeutengeneza huo uenyeji, kwa sufuria tatu na mtoto mgongoni, wageni wanamwita mama fulani, wanamtania, wanamsifu kwa kupika, na hawamwiti mwenyeji. Wala mpishi. Mpishi ni cheo cha mtu anayelipwa, na kwenye harusi zetu anayekoroga pilau la mapipa mara nyingi ni mwanamume mwenye jina lake mjini.

Maneno ya ukoo ndiyo yanayogawa kazi hasa, kwa ukali kuliko ratiba yoyote. Wifi akishuka kwenye basi si mgeni wa siku nzima: ataketi, atakunywa maji, na baada ya muda wa heshima atajifunga kanga na kuuliza "wifi, nikusaidie nini?" Asipouliza, kutakuwa na maongezi mwakani. Shemeji haulizi. Mama mkwe hapewi kazi lakini humchukua mtoto, na kumchukua mtoto kwa saa mbili siku ile ni msaada mkubwa kuliko vitunguu vyote atakavyomenya mtu mwingine. Mdogo wa mume, akiwa wa kiume na mwenye akili, atapasua kuni bila kutumwa. Dada wa mama mtoto atafika jana yake. Kwa hiyo anayepanga sikukuu hapangi kwa idadi ya watu. Anapanga kwa majina: wifi wangapi, shemeji wangapi, mkwe yupo au hayupo. Mashemeji wanne ni mzigo, mawifi wanne ni kikosi.

Wageni wa kutoka Tunduma huja na msamiati wao. Tunduma ni mpaka, ng'ambo ya pili ni Nakonde ya Zambia, na maneno huvuka bila kugongewa mhuri. Dagaa wanaitwa kapenta, ugali unaitwa nshima au ubwali kutegemea umeongea na nani, na mjomba anayekuja na chikanda hujiona ameleta keki. Chikanda ni mizizi ya maua ya okidi ya mwituni, iliyopondwa ikapikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili hadi ikaganda, ikakatwa vipande kama mkate. Nyanda za juu za kusini zimechimbwa sana kwa ajili yake, kiasi kwamba hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa 2005, ina okidi zake miongoni mwa vitu inavyovilinda. Kwa hiyo kipande kilichoko sahanini kina kesi yake. Tunakula kimyakimya.

Na hapo mezani ndipo mtu wa pwani na mtu wa bara wanapopishana. Mkwajuni ukiulizwa "mboga nini leo?" unaweza kujibu "nyama ya mbuzi" na hakuna atakayeshtuka. Mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Mgeni kutoka Tanga atacheka: kwake mboga ni majani, na hicho cha kulia ugali ni kitoweo. Nimesikia ubishi huu mara nyingi kuliko ubishi wa siasa, na nina msimamo. Mboga ya bara inamsaidia mpishi zaidi. Anayesema "sijapata mboga" anasema ugali upo, kilichobaki ni akili na hela. Ni neno la mipango. Kitoweo ni neno la mlaji.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja na ndiye aliyeshika nusu ya haya yote. Tunamwita dada. Ana miaka 18, wakati mwingine pungufu, bosi wake ana 34, na bado ni dada. Wengine husema binti wa kazi, hausigeli, msaidizi, yaya. Dada ni neno tamu na ni neno la hila, kwa sababu dada halipwi saa za ziada na dada hana Siku ya Krismasi. Kwenye amri za Serikali za kima cha chini cha mshahara ameandikwa kwa jina refu lisilo na utamu wowote, mfanyakazi wa majumbani, na Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake namba 189 mwaka 2011, lilitumia jina la namna hiyohiyo. Jina refu ndilo analoweza kwenda nalo kwa afisa kazi. Neno mtumishi lilikuwa chini kama yeye: mtu wa kutumwa. Leo mtumishi ni mwenye mshahara wa Serikali, na baba akisema bintiye ameposwa na mtumishi, kijiji kinajua mahari haitachelewa.

Nomino zina nguvu hiyo, na ndiyo sababu nomino mbaya inaniudhi. Mwanamume anayeoa tunasema amepata jiko. Ni utani, najua, na wanawake wenyewe wanaucheka. Ila ni utani uliomgeuza mpishi kuwa kifaa cha kupikia. Jiko la chuma limepewa mkakati wa miaka 10. Hili jiko jingine linasubiri.

Neno pekee la wazi ninaloliona katika nomino zetu zote ni shughuli. Shughuli ni kazi. Shughuli pia ni sherehe: "tuna shughuli nyumbani" inaweza kuwa harusi, arobaini, ubatizo. Hapo lugha haikujificha, sherehe ni kazi na kazi hiyo ina wenyewe. Kalenda ingeweza kujifunza. Tarehe 26 Desemba inaitwa rasmi Siku ya Kupeana Zawadi, na katika nyumba nyingi za hapa ni siku ya kukwangua ukoko, kupasha pilau la jana kwa mafuta kidogo, na kufua nepi ambazo jana hazikupata mtu. Zawadi sijaziona.

Na hilo la kufanya yote kwa pamoja? Kiswahili hakina nomino yake, na nimeacha kuitafuta. Kina huku. "Ninakanda unga huku nimembeleka mtoto huku naongea na mkuu wa idara kwenye simu." Ukiisikia sentensi hiyo huchoki kuisikiliza, aliyeitenda ndiye amechoka. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, tangu utafiti wa nguvu kazi wa 2006, imekuwa ikiwauliza watu wanavyotumia muda wao, na swali la namna hiyo huulizwa kwa kitenzi: jana saa fulani ulikuwa unafanya nini? Ni swali zuri kuliko "kazi yako nini?", kwa sababu hata anayejibu "nipo tu" atajikuta anataja vitenzi. Aliyewahi kuingia jikoni kwetu asubuhi ya Krismasi angemshauri mdadisi aache nafasi pana kwenye mstari wa saa nne.